Nipe namba ya OB ndio niende

Kituo sitakitaja na mtoto sitamtaja jina, manake bado anaishi hapa hapa na mamake bado anauza viazi karai kando ya barabara ambayo gari la polisi hupita kila jioni, kwahiyo mnielewe. Mamake ni shangazi yangu. Mambo yenyewe ni ya mwaka jana na nimekaa nayo muda mrefu nikijiuliza niandike ama ninyamaze, lakini juzi nikasikia kijana mwengine wa mtaa wa pili kafanyiwa yale yale, na watu wakaambiana "mpelekeni tu hospitali, mshukuruni Mungu yuko hai", nikasema hapana, hii lazima niiandike.

Kijana wetu alikuwa anatoka kuangalia mpira. Jumamosi, saa tano usiku, msako ukapita, wenzake wakakimbia, yeye hakukimbia sababu hakuona kosa lake ni lipi, akapigwa rungu mkono wa kushoto mpaka mfupa ukavunjika, akatupwa kwa gari na wengine sita, wakazungushwa weee, na saa kumi alfajiri akaambiwa shuka nenda nyumbani. Hakuandikwa popote. Hakuambiwa kosa. Leo ukiuliza yule mtoto alikuwa wapi kati ya saa tano na saa kumi, karatasi za kituo zinakwambia hakuwa popote.

Jumatatu asubuhi tukaenda kituoni, shangazi, mimi, na yeye mwenyewe mkono umefungwa plasta. Kwa kaunta tulimkuta afisa kijana, umri wa kijana wetu pengine amzidi miaka mitano hivi. Shangazi akamweleza pole pole tangu mwanzo. Yule afisa akasikiza yote, afu akasema, "Mama, sasa unataka niandikie wenzangu kesi?" Wala hakusema kwa ubaya, nafikiri aliuliza kweli. Shangazi akamwambia, "Mwanangu, mimi sijakwambia umshtaki mtu. Nimekwambia uandike."

Akatuambia tukamtibu kijana kwanza. Tukamwambia ashatibiwa. Akatuambia turudi mchana bosi atakuwepo. Shangazi akakaa kwa benchi, akaweka mkoba wake magotini, akasema, "Nipe namba ya OB ndio niende." Tulikaa kwa benchi ile kuanzia saa tatu mpaka saa saba kasoro robo. Watu wanaingia wanatoka, mmoja kapoteza kitambulisho, mmoja kaibiwa simu kwa matatu, wote wanaandikiwa wanapewa namba yao wanaenda, sisi tunaangaliwa tu.

Kwa wale ambao hawajawahi kufika pale, OB ni kile kitabu kikubwa cha matukio, kimepigwa mistari, kila linaloletwa kituoni linaandikwa humo kwa mpangilio na linapewa namba, namba ya tukio la siku hiyo halafu tarehe. Bila ile namba hakuna P3, ile fomu ya polisi ambayo daktari hujaza majeraha yako, na bila P3 daktari hana pa kuandika kwamba huu mkono umevunjwa kwa kitu butu na si kuanguka, na bila hiyo we mlalamikaji una hadithi tu ya kusimulia. P3 yenyewe polisi wanatakiwa wakupe bure. Sasa angalia ilivyo ngumu: umepigwa na polisi, na karatasi ya kwanza ya kuonyesha umepigwa na polisi inatoka kwa polisi.

Zamu ikabadilika. Akaja afisa wa kike, mtu mzima kidogo, akatuuliza, "Nyinyi mmeshughulikiwa?" Shangazi akasema tangu asubuhi bado. Akafungua kitabu akaanza kuandika. Mimi nilikuwa nimesimama upande wa pili wa kaunta, nasoma kichwa chini miguu juu, naona kalamu inaenda: *...anaripoti ya kwamba mwanawe alishambuliwa na watu wasiojulikana...*

Nikamwambia, "Afande, samahani, hawa watu wanajulikana. Walikuwa na sare, na walikuwa na gari la kazi." Akasimamisha kalamu. Akaniangalia, akamwangalia shangazi, akaangalia ule mkono wa plasta. Kukawa kimya mpaka nikasikia feni ya juu inavyolia. Afu akapiga mstari mmoja juu ya yale maneno, akaweka sahihi ndogo pembeni, akaandika juu yake *maafisa wa polisi waliovaa sare*. Wallahi nilitaka kulia. Yule mama sijui jina lake na hata ningelijua nisingeliandika hapa, lakini namuombea kila nikikumbuka, manake alijua anachofanya na alijua wenzake wataisoma.

Sasa hiyo ndio nataka kuwaambia leo. Hii vita yote ya kuwawajibisha polisi, tume, mamlaka, mahakama, yote inategemea sana ile sentensi ya kwanza, na mara nyingi sana sentensi ya kwanza inaandikwa na yule yule anayelalamikiwa.

Angalieni kesi ya Albert Ojwang. Mwalimu, mwandishi wa mtandaoni, alikamatwa nyumbani kwao Homa Bay tarehe 7 Juni 2025 baada ya naibu wa Inspekta Jenerali wa polisi kulalamika kuhusu mambo yaliyopostiwa, akasafirishwa usiku mpaka Nairobi, kwa nini asishikiliwe kituo cha huko huko mpaka leo mimi sijaelewa, na kesho yake akawa maiti kwenye seli za kituo cha polisi cha Central. Taarifa ya kwanza ya polisi ikasema kwamba alijigonga kichwa kwa ukuta mwenyewe. Hiyo ndiyo iliyosambaa nchi nzima asubuhi ile. Upasuaji wa maiti ukaonyesha majeraha kichwani, shingo imebanwa, na alama za kupigwa mwilini, mambo ambayo mtu hawezi kujifanyia peke yake na ukuta. Tarehe 11 Juni Inspekta Jenerali akasimama mbele ya Seneti akakubali kwamba ile taarifa haikuwa kweli, akaomba radhi. IPOA, ile mamlaka ya kusimamia polisi, nao wakaeleza Seneti kwamba mitambo ya kamera za kituo ilikuwa imechezewa. Kesi ya mauaji iko mahakamani, walioshtakiwa wamekana, nani alifanya nini tuiachie mahakama. Ninachosema ni kwamba kama familia ingekubali ile sentensi ya kwanza na kuzika haraka haraka, tungekuwa na "alijigonga" mpaka kiama.

IPOA kwa kirefu ni Mamlaka Huru ya Kuangazia Utendakazi wa Polisi. Wengi hapa mtaani wanadhani ni idara ya polisi, na ndio maana wanaogopa kwenda. Si polisi. Ni raia. Imeundwa kwa sheria ya 2011, bodi ya kwanza ikaanza kazi 2012, mwenyekiti wa kwanza alikuwa Macharia Njeru, akaja Anne Makori 2018, na sasa ni Issack Hassan, yule yule aliyekuwa tume ya uchaguzi, aliingia 2024. Na haikuja tu hivi hivi. Ilitoka kwa damu ya ghasia za baada ya uchaguzi, 2007 na 2008. Tume ya Waki ilihesabu watu 1,133 waliokufa kwenye zile ghasia, na 405 kati yao walikufa kwa risasi. Sasa mjiulize kwa wakati ule nani alikuwa na bunduki barabarani. Wapo waliokuwa wanachomana na kukatana mapanga, sawa, lakini risasi nyingi zilitoka kwa wale wanaolipwa kutulinda. Jopokazi la Jaji Ransley la mageuzi ya polisi, 2009, likasema lazima kuwe na chombo cha raia, cha kisheria. Ilikuwepo bodi moja kabla, iliundwa 2008 kwa tangazo tu la gazeti la serikali, haikuwa na meno, ikafa bila mtu kuilia.

Sheria yenyewe ukiisoma ni nzuri kuliko watu wanavyodhani. Inasema kifo chochote au jeraha kubwa lililotokana na polisi, ama lililotokea mtu akiwa mikononi mwa polisi, IPOA *lazima* wachunguze, hawangoji mtu alalamike. Na sheria ya polisi, ile ya 2011, kwenye jedwali la sita, inasema mkubwa wa yule afisa ndiye anatakiwa kuripoti mara moja kwa IPOA, eneo lilindwe, ushahidi usiguswe, jamaa waambiwe. Jedwali hilo hilo linasema afisa wa sare lazima awe na jina lake au namba yake mahali panaonekana. Sasa kumbuka mwaka 2024 vijana walipoandamana, ni wangapi tuliwaona wamefunika nyuso, wamevaa nguo za kiraia, wako kwa magari yasiyo na namba? Mtu wa namna hiyo hata ukienda IPOA utasema nani kakupiga? Utasema yule mrefu? Kuficha jina kwangu mimi si kosa dogo la sare, ndio mwanzo wa makosa mengine yote.

Wanaosema IPOA haijawahi kufanya kitu mimi huwaambia nendeni Kinango. Hapa hapa kwetu Kwale. Agosti 2014 polisi walienda usiku nyumba moja wakimtafuta mtu mzima, mjomba, wakampiga risasi Kwekwe Mwandaza, msichana wa miaka 14. Na maelezo ya polisi yalikuwaje? Kwamba aliwajia na panga. Msichana wa miaka 14 aliyetoka usingizini. Hiyo ndiyo ilikuwa sentensi ya kwanza. IPOA wakaingia, wakachunguza, wakapeleka faili kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, na Februari 2016 Mahakama Kuu Mombasa ikawafunga maafisa wawili miaka saba kwa kuua bila kukusudia. Ilikuwa hukumu ya kwanza kabisa kupatikana kutokana na kazi ya IPOA, na ilitoka Pwani, kwa familia ya kawaida kabisa ya kijijini. Miaka saba kwa roho ya mtoto, wako waliosema ni kidogo na mimi ni mmoja wao. Lakini ile hadithi ya panga haikusimama, na kwa yule mtoto hilo lilikuwa na maana, asikumbukwe kama mshambuliaji.

Tatizo ni hesabu. Tangu 2012 malalamiko yaliyoingia ni maelfu kwa maelfu, hukumu ni makumi tu. Polisi ni zaidi ya laki moja nchi nzima, wafanyakazi wa IPOA ni mia kadhaa na ofisi zao ziko miji michache. Na IPOA hawashtaki wala hawafuti mtu kazi. Wakimaliza kuchunguza wanapendekeza, kama ni jinai faili inaenda kwa Mkurugenzi wa Mashtaka, kama ni nidhamu inaenda kwa Inspekta Jenerali na Tume ya Huduma kwa Polisi. Kila mlango una mtu wake na kila mtu ana meza yake iliyojaa mafaili. Halafu kuna kile kitengo cha ndani cha polisi wenyewe, nacho kinapokea malalamiko, na bosi wake ni Inspekta Jenerali. Sisemi hakina watu wazuri, nasema tu mimi shangazi yangu sitampeleka huko kwanza.

Na hapa kwa nidhamu niseme kidogo sababu ndipo panaponiuma. Sheria ya polisi ina adhabu zake zimeorodheshwa, kuna karipio, kuna kusimamishwa, kuna kulipa ulichoharibu, kuzuiwa nyongeza ya mshahara, kushushwa cheo, kufutwa. Uhamisho haumo. Lakini we uliza mtu yeyote mtaani yule afisa msumbufu alifanywa nini, atakwambia "alipigwa transfa". Tunashangilia! Tunasema alhamdulillahi kaondoka. Kaenda wapi sasa? Kaenda kwa shangazi wa mtu mwengine. Kule alikokwenda hawamjui, hawajui historia yake, anaanza upya na kitabu kipya, na wale wa kule watakaa kwa benchi kama sisi. Kuna mzee mmoja hapa kwetu aliniambia, "Lakini angalau huku tumepumzika," na nilimwelewa, ana wajukuu vijana, lakini sikukubaliana naye na nikamwambia hivyo kwa heshima. Ukihamisha mtu bila kumsikiliza unamwonea hata yeye, pengine hakufanya, jina limeshaharibika bila kesi. Wote wawili, afisa na raia, wanastahili mtu asiye wa upande wowote akae chini asome karatasi aseme wewe umekosa ama wewe hujakosa.

Sasa turudi kwa shangazi. OB tukapata. P3 tukapata, daktari akajaza, tukapiga kopi tatu. Nikamwambia sasa twende IPOA, wana ofisi Mombasa, na kuna namba ya bure 1559, unaweza kueleza kwa mdomo, unaweza kuandika, mtu anaweza kulalamika kwa niaba yako, si lazima uwe na wakili. Akakataa. Wiki mbili nzima amekataa. Sikumkasirikia, manake sababu yake ilikuwa jina la mtu mmoja: Willie Kimani.

Kwa vijana wadogo ambao hamkumbuki. Josephat Mwendwa alikuwa dereva wa bodaboda, mwaka 2015 akapigwa risasi ya mkono na afisa wa polisi wa utawala kule Syokimau. Akalalamika IPOA. Kufanya vile tu, akaanza kubandikwa kesi moja baada ya nyengine. Wakili wake alikuwa Willie Kimani. Tarehe 23 Juni 2016 wakatoka mahakama ya Mavoko, wao wawili pamoja na dereva wao wa teksi Joseph Muiruri, hawakufika nyumbani. Maiti zao zilipatikana mtoni, Ol Donyo Sabuk, wiki moja baadaye. Lakini kabla ya kuuawa walikuwa wamefungiwa pale kambi ya polisi Syokimau, na kutoka ndani ya kile chumba kikatupwa nje kipande cha karatasi ya chooni, kimeandikwa kuomba yeyote atakayekiokota ampigie simu mke wa wakili. Mtu akakiokota. Akapiga. Kile kikaratasi kikawa ushahidi mahakamani.

Hebu fikiria. Wamefungiwa kituoni, kituo chenye OB, chenye kalamu, chenye maafisa wa kuandika, na hakuna mtu aliyeandika kwamba wako pale. Sentensi ya kweli ya siku ile iliandikwa kwa karatasi ya chooni ikatupwa dirishani.

Kesi ilichukua zaidi ya miaka sita. Jaji Jessie Lessit akawatia hatiani watu wanne Julai 2022, na Februari 2023 Fredrick Leliman, yule afisa aliyekuwa amelalamikiwa, akahukumiwa kifo, wenzake wakapata miaka 30, 24 na 20. Mmoja wa hao hakuwa hata polisi, alikuwa mtoa habari wao. Haki ilipatikana, ndio. Lakini shangazi yangu yeye hahesabu hukumu, anahesabu maiti. Aliniambia, "Huyo alilalamika kwa mkono, akapoteza roho. Mwanangu na yeye ni mkono." Nikanyamaza. Ningemjibu nini?

Hapa ndipo naona serikali na hata IPOA wenyewe wana deni kwetu. Kuchunguza peke yake hakutoshi kama mlalamikaji anarudi kulala mtaa ule ule ambao yule afisa anafanya doria. Yule afisa aliyelalamikiwa si asimamishwe, ama apewe kazi ya ofisi mbali na pale, *wakati* uchunguzi unaendelea, si kama adhabu ila kama ulinzi kwa wote wawili? Maafisa wengi wa kawaida wangefurahi, mana na wao wanaishi kwa nyumba hizi hizi mbovu, mshahara mdogo, wengine wanalala familia mbili chumba kimoja na shuka katikati, na kila uchafu wa mwenzake mmoja unampaka yeye pia. Yule mama wa kaunta alipopiga ule mstari alikuwa anafanya kazi ya usimamizi kuliko ofisi nzima. Nani anamlinda yeye akisemwa na wenzake?

Na jambo lengine, uchunguzi wa vifo. Sheria ya huduma ya kitaifa ya wachunguzi wa vifo ilipitishwa 2017 ili mtu huru ndiye asimamie mtu akifa kwa utata, miaka ikapita huduma yenyewe haijaanzishwa, tukabaki na utaratibu ule ule wa polisi kupeleka maiti, polisi kujaza fomu, polisi kusimama pale mlangoni. Serikali ingelitekeleza hili, kesi nyingi zisingehitaji maandamano ili zisikizwe. Kwa Ojwang nchi ilipiga kelele. Yule wa kijiji kisicho na mtandao anapigiwa kelele na nani?

Nakumbuka Machi 2020, siku ya kwanza ya kafyu ya corona, vidio za kivuko cha Likoni, watu wametoka kazini wamepanga foleni ya feri, jua bado linaonekana, na mabomu ya machozi na rungu. Kila mtu kwa simu aliona. Ile vidio ilifanya kile ambacho OB ingetakiwa kufanya, iliandika kwanza. Kwahiyo nawaomba vijana, mkiwa mbali na mko salama, rekodini. Andikeni namba ya gari, saa, mahali. Nguo yenye damu msifue, iwekeni kwa mfuko wa karatasi. Hospitali mwambieni daktari kilichotokea kwa maneno yenu wenyewe na mwangalie anaandika nini, kama nilivyoangalia mimi ile kalamu. Msiseme "nimeanguka" kwa sababu ya aibu ama woga, manake hiyo "nimeanguka" mtakuja kuonyeshwa mahakamani.

Shangazi alikubali mwishowe, na si mimi niliyemshawishi, ni kijana mwenyewe. Alikuwa anasaidia kukaanga viazi kwa mkono mmoja, gari la polisi likapita, yeye akainuka akaingia ndani nyuma ya pazia mpaka lipite. Mara ya tatu ile wiki. Mamake akamwona. Usiku akanipigia simu akasema, "Kesho twende. Siwezi kumlea mtoto nyuma ya pazia."

Tukaenda. Walimsikiza, walimuuliza maswali mengi, akaeleza kwa Kiswahili chake cha nyumbani na hakuna aliyemharakisha, akaomba jina lake lisitembezwe wakaandika hivyo, akapewa namba ya malalamiko. Uchunguzi unaendelea na siwezi kusema zaidi ya hapo kwa sasa. Plasta ilitolewa, mkono hajaurudisha sawa, kidole cha mwisho hakikunji vizuri, kubeba ndoo bado anatumia wa kulia.

Namba zote mbili, ya OB na ya malalamiko, shangazi kaziandika kwa kalamu ya wino nyuma ya kalenda ya ukutani, hataki kuzitegemea simu. Na jana kanituma nikampigie kopi nyengine ya P3, anataka kuipeleka kwa dadake Mariakani akaiweke huko sandukuni. Nikamuuliza kopi tatu hazitoshi? Akasema, "Nyumba huungua, mwanangu. Ya Mariakani ibaki."